Siku Tita Alipokataa Kumsindikiza Mama

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, niliamini kwamba duniani kuna ziwa moja tu, na kwamba Mama na Tita Luz walizaliwa kwenye kingo zake mbili, wakatazamana tangu utotoni bila kujuana, hadi walipokuja kuwa majirani Rooty Hill, pembeni mwa Sydney, Australia. Hakuna aliyenidanganya. Nilijidanganya mwenyewe kwa kuwasikiliza. Mama alikuwa Mjaluo wa pande za Mbita, na kila alipolitaja ziwa la kwao alitaja ngege, magugu yaliyofunga gati, na mafuriko yaliyoingia jikoni bila kupiga hodi. Tita, yaani shangazi kwa lugha yao, Mfilipino aliyeishi nyumba nne kutoka kwetu, alipolitaja la kwao alitaja samaki yuleyule, magugu yaleyale na maji yaleyale jikoni. Sasa mtoto afanyeje?

Mji wa Tita hakuwahi kuuita kwa jina lake. Aliuita Bayan, neno la kwao la mji, kana kwamba dunia nzima haina mwingine. Tulilishwa Bayan pamoja na samaki. Tuliambiwa habari za kanisa la mawe lenye mnara uliopinda kidogo kwa tetemeko, ambao wenyeji walikataa unyooshwe kwa kuwa walishauzoea. Tukaambiwa habari za jengo la manispaa, lililopakwa rangi upya kila alipoingia meya mpya, na za soko la alfajiri lililouza mayai ya bata yenye kifaranga ndani. Samaki walifugwa ziwani kwenye nyua za mianzi, na Mama hakuacha kuwacheka kwa kufuga samaki kama kuku. Mara moja kwa mwaka mtakatifu wa mji, yaani sanamu yake, alipandishwa mtumbwini akatembezwa majini ili aukumbuke mji. Daktari hakuwapo, ilikuwapo zahanati tu, na ndiyo sababu Tita alisomea unesi, halafu unesi ukamtoa Bayan kabisa. Hilo alilisema akicheka, kisha akajishughulisha na miiba ya samaki.

Baba alikuwa Mtaita, kwa hiyo nyumbani kwetu lugha ilikuwa Kiswahili, mimi nikijibu kwa Kiingereza hadi Baba ajifanye kiziwi. Mama na Tita walikutana kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Blacktown, wakijaribu kumgeuza mzee mmoja mzito kitandani. Tita alimwita Mama kwa neno la kwao, Ate, yaani dada mkubwa, na Mama alimwita yeye Mama Joy, kwa jina la bintiye wa rika langu. Tito Ben, mumewe Tita, alikuwa fundi wa magari na mtu wa maneno machache. Kiingereza cha Mama na Tita kilikuwa cha kazini, kizuri kwa dawa na shifti, lakini kilipofika kwenye mambo ya moyo kiliwaishia, wakamalizia kwa mikono.

Jumapili walikaanga samaki nje, nyuma ya nyumba ya Tita, maana harufu ikishaingia kwenye zulia la nyumba ya kupanga haitoki. Walikula kwa mkono, wakigombania kichwa. Kisha Mama aliaga, na hapo ndipo kichekesho kilipoanza. Kwetu mgeni haachwi atoke kama upepo. Unamtoa mlangoni, unamfikisha getini, na kama unampenda humwachi hapo. Tita aliipenda desturi hiyo kuliko sisi wenyewe. Alimsindikiza Mama hadi kwetu, na kwa kuwa hadithi ilikuwa haijaisha, Mama akamrudisha hadi kwake, na kwake hadithi ilikuwa ndiyo kwanza inapata utamu. Mimi na Joy tulikaa juu ya ukuta mfupi tukiwacheka wakipita. Baba alisema ipo siku hao wawili watafika Parramatta kwa miguu bila kujua.

Halafu Tito Ben akaugua moyo. Alirudi kutoka hospitali akiwa amekonda na hataki kula, na Tita akawa anamlilia Mama kwa simu. Mama akaingia jikoni. Alipika ngege wa mchuzi wa nyanya na ugali laini, akampelekea, na Tito Ben akala akamaliza, akafuta sahani kwa kidole, akauliza kama kuna kingine. Nyumba nzima ilifurahi. Mama alirudi akiimba.

Asubuhi yake Tito Ben hakuamka.

"Chakula changu ndicho cha mwisho alichokula," Mama alimwambia Baba. Alilisema hilo siku nzima. Baba akamwambia moyo wa mtu hausimamishwi na samaki, na yeye nesi anajua hivyo. Kweli Mama alijua. Lakini alijua pia maneno ya nyanya yake aliyemlea kule ziwani, na mtu huweza kujua yote mawili kwa wakati mmoja. Nyanya alimwonya tangu mdogo kwamba ukienda msibani, usiangalie unavyoingia, angalia unavyotoka. Kuingia, kila mtu hukaribishwa. Ila yule wanayemshuku kuwa ndiye aliyeleta kifo, kwa jicho lake au kwa chakula chake, huachwa atoke peke yake. Hakuna atakayemwambia kwa mdomo. Ataondoka bila wa kumsindikiza, naye atakuwa ameambiwa.

Jeneza lililetwa nyumbani kabla ya maziko, likawekwa sebuleni katikati ya maua. Tulienda mchana, mimi na Mama, Baba akiwa kazini. Nilishangaa kuona watu wakicheza karata kwenye gereji na watoto wakila tambi, lakini Mama alinikanyaga mguu nisiseme kitu. Kila msiba na wenyewe. Aliketi karibu na Tita, wakalia pamoja, Tita akiwa amelaza kichwa kwenye bega la Mama. Mpaka hapo mambo yalikuwa sawa kabisa. Nayakumbuka vizuri kwa sababu nimeyapitia mara nyingi nikitafuta mahali yalipoharibika.

Mama alipoinuka kuaga, Tita aliutoa mkono wake kwenye mkono wa Mama na kuugeuza uso kwenye jeneza. Hakusema kwaheri, wala asante ya kuja. Mama akangoja kidogo, kisha akaelekea mlangoni tulikoviacha viatu. Alivaa kimoja, akakivua, akakung'uta kitu kisichokuwamo, akakivaa tena. Nilielewa kuwa anampa mtu muda wa kuja. Ndugu zake Tita walikuwa wamejaa pale ndani, watu wanaotujua, waliokula samaki pamoja nasi, na wote walituona tunatoka. Wakainamisha vichwa. Hata Joy, aliyekuwa akinikimbilia kila mara, alishikwa bega na shangazi yake akakaa.

"Basi sisi tunakwenda," Mama alisema kwa sauti.

Hakuna aliyejibu. Tulitoka, tukavuka zile nyumba nne, na Mama akafika kwetu akaketi jikoni bila kuvua viatu. Sijawahi kumwona mtu mzima aliyeogopa vile. Nilidhani anaomboleza. Baba alipofika ndipo nilipomsikia akisema, "Wameuona mkono wangu kwenye kifo chake," na Baba akimbembeleza, na Mama akirudia maneno ya nyanya yake neno kwa neno.

Ungefikiri angeuliza. Mimi hadi leo hufikiri angeuliza. Lakini mtu aliyekwisha kuhukumiwa harudi kuuliza hukumu, na Mama alikuwa na kiburi chake, kile kiburi cha upole ambacho ni kibaya kuliko cha kelele. Hakuenda kwenye maziko. Akaomba abadilishiwe shifti. Maombi ya msiba yalipokwisha, Tita alikuja na bakuli la tambi, akaita "Ate" nyuma ya mlango wa wavu, na Mama akalipokea, akashukuru, akasema ana kichwa kinamuuma. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Unatia mandazi, unatia maembe, ukikosa kabisa unatia chumvi. Mama aliliosha lile bakuli, akalikausha vizuri, akaniambia nilirudishe hivyohivyo. Tita alilipokea kwa mikono miwili, akasema asante mwanangu, akauliza kama Ate amepona.

Tita hakujua desturi yetu ya bakuli. Alikuja tena mara kadhaa, na kila mara alikuta kichwa kinauma. Mwishowe akawa anapunga mkono akiwa upande wa pili wa barabara. Ukuta mfupi ukabaki na mimi peke yangu, maana watoto huunusa ugomvi wa wakubwa bila kuelezwa, na mimi na Joy tulianza kuoneana haya shuleni.

Kabla sijafika sekondari Baba naye akatutoka. Kiharusi kilimkuta kazini, kwenye ghala la mizigo. Nyumba ikajaa Wakenya kutoka Blacktown na Bankstown, chai ikachemka, nyimbo zikaimbwa, wanaume wakapanga jinsi ya kumsafirisha hadi Wundanyi. Mama alikaa kwenye godoro sebuleni kama wajane wanavyokaa, lakini kila mgeni wa mbali alipoondoka aliinuka kumsindikiza mwenyewe, watu wakimsihi akae. Nadhani alihitaji ile hewa ya nje.

Tita alikuja. Aliketi karibu na Mama, halafu akaingia jikoni akaosha sufuria zote za msiba, hata zile zilizoungua ambazo kina mama wetu walikuwa wanazikwepa. Alipomaliza, akafuta mikono, akaja kumshika Mama bega. Mama hakumtazama. Tita akaelekea mlangoni, nami nikainuka, kwa sababu nilikuwa nimelelewa hivyo na kwa sababu nilimpenda. Mama akaidaka sketi yangu.

"Mtu asiinuke," alisema kwa Kiswahili, ambacho Tita hakukijua, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mwacheni atoke peke yake, kama nilivyotoka."

Watu wazima wakatazama chini. Tita alivaa viatu vyake polepole, kisha akageuka akatutazama wote tulivyoketi, akamtazama Mama, na machozi yakimtoka, akatabasamu. Akaweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa, akaenda zake. Sikuuelewa uso ule. Nilikuwa nimejiandaa kuona mtu anayeumia, na nilichokiona ni mtu aliyepewa zawadi. Nikadhani huzuni imemharibu akili.

Mwaka uliofuata walihamia Bankstown. Wala hatukuagana.

Mimi na Joy tulikuja kukutana tena ukubwani, kwenye korido ya hospitali, wote tumevaa sare za unesi, tukacheka hadi tukafukuzwa. Kufikia hapo Tita alishastaafu na kurudi Bayan. Joy aliniambia mama yake hakati simu bila kuuliza habari za Ate. Nilipomfikishia Mama, alijibu, "Mwambie nipo," na kuongeza sauti ya televisheni. Mambo ya zamani, mimi na Joy, hatukuyagusa. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayeona haya kuyagusa.

Tita alifariki huko kwao. Joy aliwahi, mimi nikamfuata kwa sababu kule maiti huwangoja wa mbali, na kwa sababu sikuweza kukaa. Mama alinisaidia kufunga sanduku, akakunja nguo zangu vizuri kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema, "Nenda. Ila usitarajie kusindikizwa."

Bayan ipo kama alivyotusimulia, ila ndogo zaidi. Ukisimama kwenye ngazi za kanisa unauona mji wote hadi unapoingia majini: soko, shule, uwanja wa mpira wa kikapu wenye paa kubwa kuliko la kanisa, jengo la manispaa ambalo msimu huo lilikuwa la waridi. Mnara bado umepinda. Nyua za mianzi zimejaa ziwani hadi mitumbwi inapita kwa kuombana njia. Watu ni wale wa kujua nani anaumwa kwa kuona nani hakuja kununua mkate. Maji ni ya kijani na yametulia, na ng'ambo kuna milima. Jiografia yangu naijua vizuri sasa, na bado niliona uchungu kidogo kwamba ng'ambo si Mbita.

Kwenye msiba niliketi siku nzima na Joy. Jua lilipoanza kushuka nikamwambia nakwenda nilikopanga, na hapo akanishika mkono, akanieleza taratibu kama anayemweleza mgonjwa dawa zake. "Mimi sitakusindikiza," alisema. "Sitakuaga wala kukushukuru, na mtu yeyote wa nyumba hii hatainuka. Mwenye msiba akimtoa mgeni mlangoni, anamtoa pamoja na kifo. Na wewe usiende moja kwa moja unakolala. Pitia mahali, ule chochote, ndipo uende. Tunaowapenda tunawaacha waende peke yao."

Ghafla nilikuwa tena mlangoni Rooty Hill, Mama akikung'uta kiatu.

"Mbona umeshtuka?" Joy aliuliza. "Si mama yako alijua? Mama alikuwa akiusimulia mji mzima. Kwamba kwenye msiba wa baba yako, Ate alisindikiza watu wote wa kwao, lakini zamu ya mama yangu ilipofika akawakataza wasiinuke. Alifuata desturi yetu kwa ajili yake, ndani ya nyumba yake mwenyewe, siku ya huzuni yake mwenyewe. Mama alisema katika nchi ile hakuna aliyewahi kumpenda hivyo."

Akawaambia kitu wale vikongwe waliokuwa wakisali rozari, nao wakanyanyua nyuso zao pamoja. Mmoja alinipapasa shavu, akasema neno moja tu nililolijua, Ate. Walimjua Mama. Katika mji ule mdogo kando ya ziwa, ambako hajawahi kukanyaga, Mama yangu ni mwanamke mwema, na wanamtaja kwenye sala zao. Kuhusu miaka ya ukimya, Joy alisema mama yake alijipa jibu mapema: Ate aliona haya kwa sababu ya yule samaki, na haya ya mtu huheshimiwa hadi iishe yenyewe. Akangoja iishe.

Ukweli sikumwambia Joy. Ningemwambia nini, mbele ya jeneza? Nilisimama, naye akaugeuza uso kwa mama yake kama Tita alivyougeuza siku ile, na nikatoka nikiwa nimelindwa. Nilipitia duka la mikate. Nilikula nimesimama huku nikilia, na mwenye duka hakushangaa hata kidogo. Duka lake liko karibu na nyumba za watu, na watokao misibani anawaona kila mara.

Niliporudi Sydney nilimkuta Mama jikoni. Sikuketi kwanza. Nilimweleza kwa nini Tita hakumsindikiza, na kwa nini hakuna aliyeinuka. Alisikiliza akiwa amenipa mgongo, kisha akazima jiko, akavuta kiti.

"Kwa hiyo alikuwa ananikinga," alisema. "Na mimi nikamrudishia bakuli tupu."

Nilikuwa nimeamua ndani ya ndege kwamba nitaishia hapo. Mwanamke wa umri wake inatosha abebeshwe nusu. Lakini Mama si mjinga, na jambo hilo la pili lilikuwa lake. Akaniuliza Tita alisemaje kuhusu msiba wa Baba. Nikamwambia yote, hadi wale vikongwe na rozari.

Nje mtu alikuwa akivuta pipa la taka kulipeleka barabarani.

"Alikufa akidhani siku ile nilimpenda," akasema.

"Ulimpenda, Mama."

"Nilimpenda siku zote nyingine. Siku ile nilitaka aumie."

Akalia. Kwa Baba alilia kama wajane wanavyolia, kwa heshima na mbele ya watu. Kwa Tita alilia vibaya, akipiga meza kwa kiganja, akimwita Mama Joy, Mama Joy, akimuuliza kwa nini hakusema, na kujiuliza mwenyewe kwa nini hakuuliza. Nyumba nne tu, na miaka yote ile, na Kiingereza chote kile walichofundishwa cha kuwauliza wagonjwa wanaumia wapi.

Alipotulia aliniuliza kama nimemwambia Joy ukweli. Nikasema sijamwambia. Akasema nisimwambie, hilo aachiwe yeye na Mungu wake. Kisha akajifuta uso kwa leso na kunitazama sawasawa.

"Mimi nikifa Joy atakuja," alisema. "Akitaka kwenda, mtu asiinuke. Hata wewe. Na uwaeleze watu kwa nini, wote waliomo ndani wasikie."

Nikamwambia sawa. Mimi si mtu wa kuamini kwamba kifo humfuata mgeni kikitafuta nyumba ya kuingia, wala kwamba chakula cha upendo huua. Nimefanya kazi karibu na kifo miaka ya kutosha kujua kinakotokea. Lakini nimeahidi, na siku hiyo nikiifikiria najua nitamtazama Joy akivaa viatu vyake, nami nitatamani kumkimbilia kuliko nilivyowahi kutamani kitu. Nitaketi.